Laikeni planasi: mwongozo kamili wa kuitambua, kuitibu na kuishi nayo

Wengi wenye laikeni planasi hufika kwa daktari wa ngozi wakiwa wameshajipaka dawa ya fangasi, kisha ya upele, kisha krimu ya mchanganyiko waliyoelekezwa na jirani. Si ujinga. Ugonjwa huu humpata chini ya mtu mmoja katika kila mia, na vitu vinavyoweza kuwasha ngozi ni vingi mno. Shida ni kwamba kuchelewa hakugharimu sawa kila mahali mwilini. Ukichelewa miezi miwili na vipele vya mikononi, utakuwa umejikuna zaidi na utabaki na madoa zaidi, basi. Miezi hiyo hiyo miwili kwenye ngozi ya kichwa, kwenye kucha au sehemu za siri inaweza kuacha kovu lisilofutika. Kwa hiyo kabla ya kuuliza unywe nini au upake nini, ni lazima ujue ugonjwa umekaa wapi na wapi.

Ugonjwa wenyewe

Laikeni planasi inatokana na kinga ya mwili kukosea shabaha. Seli T, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizovamiwa na virusi, hujikusanya chini ya tabaka la juu la ngozi na kuanza kuzishambulia seli za msingi za tabaka hilo. Hapo ndipo unapotoka muwasho, ndipo vinapoinuka vipele. Katika vurugu hiyo rangi ya asili ya ngozi huvuja na kushuka chini zaidi, ambako hukaa muda mrefu. Ndiyo asili ya madoa meusi tutakayoyazungumzia baadaye. Erasmus Wilson, tabibu wa ngozi wa Uingereza, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu na kuupa jina mwaka 1869. Kwa wagonjwa walio wengi kichochezi hakijulikani hadi leo. Kwa baadhi ni dawa wanazotumia, kwa wengine huambatana na kirusi cha homa ya ini aina ya C, na kwa wachache wenye vidonda mdomoni, chanzo ni madini yaliyozibiwa jino.

Huwapata zaidi watu wa umri wa miaka 30 hadi 60, wanaume kwa wanawake, ingawa ule wa mdomoni huwapata zaidi wanawake. Watoto huupata kwa nadra. Hauambukizi kwa kugusana, kwa kula sahani moja, kwa busu wala kwa kujamiiana. Nasisitiza hili la mwisho kwa sababu vipele vya sehemu za siri vimezua ugomvi katika ndoa nyingi bila sababu.

Hatua ya kwanza: jikague mwili mzima, si panapowasha tu

Simama kwenye mwanga wa mchana ukiwa na kioo. Anza na upande wa ndani wa vifundo vya mikono, panda kuelekea kiwikoni, kisha angalia kiuno kwa nyuma, miundi na vifundo vya miguu. Hayo ndiyo makao yake ya kawaida. Vipele vyenyewe ni vidogo, kuanzia milimita 1 hadi sentimita 1, vina juu bapa, vina pembepembe badala ya kuwa duara kamili, na hung'aa ukivitazama kwa ubavu. Huweza kuungana vikawa bamba moja.

Vitabu husema rangi yake ni zambarau. Kwenye ngozi nyeupe ni kweli. Kwenye ngozi nyeusi utaona kijivu, kahawia iliyokolea, au weusi wenye ubuluu wa mbali. Mwenye ngozi nyeusi akisubiri aone zambarau atasubiri bure, na hii ni moja ya sababu ugonjwa huu huchelewa kutambuliwa kwake. Umbo na mng'ao ni mashahidi wazuri kuliko rangi.

Ukiwa na kioo cha kukuzia, paka tone la mafuta juu ya kipele kimoja na utazame kwa makini. Unaweza kuona mistari myembamba myeupe inayokatizana. Daktari Mfaransa Louis Wickham aliieleza alama hiyo mwaka 1895, na bado ni miongoni mwa vitu vya kwanza daktari wa ngozi anavyotafuta. Usipoiona usijipe hukumu. Si kila kipele huionyesha.

Tafuta pia vipele vilivyojipanga mstari mmoja ulionyooka. Ngozi ikikwaruzwa, vipele vipya huweza kuota kufuata mkwaruzo ule ule. Tabia hiyo inaitwa kwa jina la Heinrich Köbner, tabibu wa Kijerumani wa karne ya 19, na magonjwa mengine kama soriasisi nayo yanayo. Maana yake kwako ni moja: kila unapojikuna unajiongezea ugonjwa. Kata kucha ziwe fupi leo hii, hata kabla hujapata dawa.

Kwenye miundi ugonjwa hubadilika sura. Vipele hugeuka mabonge mazito, magumu, wakati mwingine yenye magamba, na huwasha kupita vyote. Hayo hukaa miaka yasipotibiwa kwa nguvu, na mara chache sana bonge la miaka mingi hugeuka saratani ya ngozi. Bonge la muundi linalochimbika kidonda au kuota nyama lionyeshwe kwa daktari bila kusubiri.

Sasa fungua mdomo. Vuta shavu kwa kidole safi, umulike kwa taa. Laikeni planasi ya mdomoni mara nyingi huonekana kama lesi: mistari myeupe iliyosukwa upande wa ndani wa mashavu yote mawili, hasa kwa nyuma. Ifute kwa kitambaa safi. Utando mweupe wa fangasi kwa kawaida hufutika, huu hautoki. Aina hii mara nyingi haiumi na watu wengi hukaa nayo wasijue mpaka daktari wa meno awaambie. Inayoumiza ni ile inayochubua: mabaka mekundu, vidonda vya mashavuni au pembeni mwa ulimi, au ufizi mwekundu unaong'aa na kubanduka. Wenye ufizi wa namna hiyo huambiwa mara nyingi kwamba hawapigi mswaki vizuri. Kama unapiga mswaki na ufizi bado unabanduka, usiikubali kauli hiyo kirahisi.

Sehemu za siri ndizo wagonjwa huzificha na madaktari husahau kuziuliza. Kwa mwanaume, tafuta vipele vilivyojipanga mfano wa pete kwenye kichwa cha uume. Kwa mwanamke dalili huwa nzito zaidi: kuungua wakati wa kukojoa, maumivu au damu wakati wa tendo la ndoa, utoko usio wa kawaida, wekundu mkali kwenye mlango wa uke, na baadaye nyama kushikana na njia kubana. Mwanamke mwenye ufizi unaobanduka na maumivu ukeni kwa wakati mmoja ana uwezekano mkubwa wa kuwa na ugonjwa mmoja, lakini kwa kuwa analiona tatizo la kwanza kwa daktari wa meno na la pili kwa daktari wa wanawake, hakuna anayeyaunganisha. Yaunganishe wewe.

Kichwani, papasa panapowasha au kuungua. Magamba na wekundu kuzunguka mashina ya nywele ni dalili kwamba ugonjwa unafanya kazi sasa hivi. Mabaka ya upara laini yasiyo na vitundu vya nywele ni dalili kwamba umeshapita. Ipo pia aina ambayo nywele za kwenye paji hurudi nyuma kidogo kidogo na nyusi kupungua. Steven Kossard wa Australia aliieleza mwaka 1994 kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Hufananishwa sana na upara wa kusuka nywele kwa kubana, na mtu anaweza kuacha kusuka kwa miaka huku ugonjwa ukiendelea.

Kwenye kucha, ambako hufika kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi, utaona kucha zikiwa nyembamba, zenye mifereji ya urefu, zinazopasuka ncha. Na kama chakula kigumu kinakukwama kifuani unapomeza, liseme hilo. Ugonjwa unaweza kuwa umeingia kwenye umio.

Hatua ya pili: andika dawa zako zote

Kuna vipele vinavyofanana na laikeni planasi karibu kwa kila kitu, ila vinasababishwa na dawa. Wanaoshukiwa zaidi ni dawa za presha, zikiwemo zile za kukojoza za kundi la thiazaidi, vizuia beta na enalaprili pamoja na jamaa zake; dawa za malaria kama kwinini na klorokwini; baadhi ya dawa za kifua kikuu; na baadhi ya dawa za maumivu. Mtego upo kwenye muda. Vipele havitoki kesho yake. Hutoka baada ya wiki, miezi, hata zaidi ya mwaka tangu uanze dawa, na kwa hiyo hakuna anayeifikiria ile tembe aliyoizoea.

Andika kila unachomeza, tangu lini, pamoja na mitishamba na virutubisho. Peleka orodha hiyo kwa daktari. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako: presha isiyotibiwa au kifua kikuu kilichokatizwa matibabu ni hatari kuliko vipele vyote duniani. Daktari akiona inafaa atakubadilishia. Hata dawa ikibadilishwa, vipele huchukua wiki kadhaa hadi miezi kuondoka, kwa hiyo wiki mbili bila nafuu hazithibitishi kwamba dawa ile haikuhusika.

Piga picha pia, ukiweka rula pembeni ya vipele na kuandika tarehe. Ngozi hubadilika polepole kiasi kwamba kumbukumbu hudanganya, na siku ya kliniki vipele vina kawaida ya kutulia.

Hatua ya tatu: upate uhakika kabla ya kuanza dawa kali

Daktari mzoefu huitambua laikeni planasi ya kawaida kwa macho. Lakini orodha ya yanayofanana nayo ni ndefu: soriasisi, choa, ukurutu sugu, lupasi ya ngozi, na kaswende ya hatua ya pili, ambayo hupenda kujifanya kila ugonjwa wa ngozi. Kwa hiyo usishangae ukipimwa damu ya kaswende, si tuhuma. Kukwangua magamba na kuyatazama kwa hadubini kwa ajili ya fangasi ni kipimo rahisi, nacho kingeokoa fedha nyingi za dawa zisizohitajika.

Pale penye shaka, na mara nyingi kwa vidonda vya mdomoni, sehemu za siri na kichwani, unahitaji kukatwa kipande kidogo cha ngozi, yaani biopsi. Hutumika ganzi na kifaa cha duara, mara nyingi cha milimita 4, kisha uzi mmoja au miwili. Maumivu ni ya sindano ya ganzi tu. Mtaalamu wa maabara atatafuta ukanda wa seli za kinga uliobana chini ya tabaka la juu la ngozi. Mambo mawili huharibu kipimo hiki. La kwanza ni kupaka steroidi kali (dawa inayotuliza kinga na uvimbe) hadi siku ya kukatwa. Muulize daktari uache lini. La pili ni kukata katikati ya kidonda au katikati ya upara ulioisha. Kipande kizuri hutoka pembeni, penye ugonjwa ulio hai. Kwa vidonda vya mdomoni vinavyochubuka, omba kipande cha pili kipimwe kwa njia ya immunofluoresensi, inayong'arisha kingamwili zilizonasa kwenye ngozi, kwa sababu pemfigasi na pemfigoidi, magonjwa ya kinga yanayoleta malengelenge, huvaa sura hiyo hiyo na matibabu yake ni tofauti.

Uliza pia kuhusu kipimo cha homa ya ini aina ya C, hasa kama una vidonda vya mdomoni, uliwahi kuongezewa damu au vimeng'enya vya ini vimepanda.

Hatua ya nne: ngozi ya mikono, miguu na kiwiliwili

Dawa ya kwanza ni steroidi kali ya kupaka, kama klobetasoli asilimia 0.05 au betamethasoni. Hapa watu wengi hukosea, wengine kwa kupaka kidogo mno, wengine kwa kupaka mpaka ngozi inaharibika.

Kipimo ni hiki. Kamua dawa kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wake wa kwanza. Hiyo ni takriban nusu gramu, nayo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Paka mara moja au mbili kwa siku, juu ya vipele tu, kwa muda aliokuandikia daktari, ambao mara nyingi ni wiki kadhaa. Marhamu hufanya kazi kuliko krimu kwenye ngozi nene na kavu. Usipake dawa ya nguvu hii usoni, kwapani wala kwenye mapaja kwa ndani bila kuelekezwa. Ngozi ya huko ni nyembamba na huchanika michirizi.

Lini uache? Hili ndilo swali muhimu kuliko yote kwenye matibabu ya ngozi, na sijui kwa nini halielezwi zaidi. Dawa imefanya kazi pale kipele kinapolala bapa ukipitisha kidole, na muwasho ukaisha. Rangi haimo kwenye kipimo hicho. Doa jeusi litabaki, na steroidi haiondoi doa. Anayeendelea kupaka klobetasoli kwa miezi akingoja weusi ufutike huishia na ngozi nyembamba, iliyopauka kuzunguka doa lile lile. Funga macho, papasa. Kama huhisi kitu, mweleze daktari apunguze au aache.

Mabonge ya miundini hayasikii marhamu ya kawaida. Daktari anaweza kukuambia upake usiku kisha ufunike kwa nailoni, au akakuchoma triamsinoloni, steroidi ya sindano, moja kwa moja ndani ya bonge kila baada ya wiki kadhaa. Sindano hizo zinauma, lakini kwa bonge la miaka mingi mimi ningezichagua mapema kuliko kumaliza tyubu nyingine.

Kwa muwasho, paka mafuta ya mgando mara baada ya kuoga, oga maji ya vuguvugu badala ya moto, na weka kitambaa kilicholowa maji baridi panapokutesa. Dawa za mzio zinazoleta usingizi, zikinywewa usiku, husaidia ulale. Hazitibu ugonjwa, na asubuhi yake uwe mwangalifu kuendesha gari.

Hatua ya tano: mdomo

Kama una ile lesi nyeupe isiyouma, huhitaji dawa. Unahitaji kuangaliwa tu. Hili huwashangaza watu, nao hurudi kutafuta mtu atakayewapa kitu cha kusukutua.

Kwa inayouma, anza na meno. Ufizi ukiuma mtu huacha kupiga mswaki, uchafu hujikusanya, na uchafu huo huchochea ufizi zaidi. Tumia mswaki laini kabisa na dawa ya meno isiyo na povu la sodiamu lorili salfeti wala ladha kali ya minti au mdalasini. Safishwa meno kwa mtaalamu. Jino lililovunjika lenye ncha, au meno bandia yanayosugua, yarekebishwe, kwani msuguano huchochea ugonjwa mdomoni kama mkwaruzo unavyouchochea kwenye ngozi. Pilipili, ndimu, siki na vitu vikavu vyenye ncha viepukwe vidonda vikiwa wazi. Vikipona unaweza kujaribu tena. Tumbaku na pombe ni vya kuacha moja kwa moja, kwa sababu ya saratani.

Dawa ni steroidi hapa pia. Jeli au marhamu hufaa kidonda unachoweza kukifikia: kausha mahali kwa kitambaa safi, paka baada ya kula, kisha usile wala kunywa kwa nusu saa. Vidonda vikiwa vingi, daktari anaweza kukuandikia tembe ya betamethasoni ya mikrogramu 500 inayoyeyuka, uiyeyushe kwenye mililita 10 za maji, usukutue kwa dakika chache kisha uteme. Kutema ndiyo siri. Ukimeza umegeuza dawa ya mdomoni kuwa dawa ya mwili mzima. Wenye kutumia steroidi mdomoni hupata fangasi kwa urahisi. Ukiona utando mweupe mpya unaofutika, au maumivu yakarudi ghafla katikati ya matibabu, dawa ya fangasi kwa siku chache kwa kawaida humaliza. Steroidi ikishindwa, takrolimasi ya kupaka, dawa ya kutuliza kinga isiyo steroidi, ni chaguo linalofuata.

Kuhusu madini ya meno: kama baka lipo mahali hasa panapogusana na kizibo cha rangi ya fedha, na mahali pengine mdomoni ni pasafi, kubadilisha kizibo hicho kunaweza kuponya kabisa. Lakini kama lesi iko mashavu yote mawili, usikubali kung'olewa vizibo vyote. Utalipa sana na ugonjwa utabaki.

Sasa saratani. Kati ya watu mia wenye laikeni planasi ya mdomoni, takriban mmoja hupata saratani ya mdomo baada ya miaka, zaidi wale wenye aina ya kuchubuka. Ni wachache, lakini inatosha kufanya ukaguzi wa kila miezi 6 hadi 12 kuwa wa lazima hata kama huumwi. Katikati ya ukaguzi, jitazame mwenyewe kila mwezi. Kidonda kisichopona ndani ya wiki tatu, uvimbe mgumu, baka linalonenepa, ganzi ya mdomo au ulimi, tezi ya shingo isiyoondoka: nenda bila kusubiri miadi.

Hatua ya sita: mahali pasipongojea

Sehemu za siri za mwanamke hutibiwa kwa steroidi kali ya marhamu, na hapa nguvu hiyo inaruhusiwa kwenye ngozi laini, chini ya uangalizi. Krimu nyingi huwa na vihifadhi vinavyochoma. Osha kwa maji tu, au maji na kilainishi kisicho na harufu. Sabuni za kunukia na dawa za kuosha ndani ya uke ziache kabisa. Njia ikiwa imeanza kubana, daktari anaweza kukupa vipanuzi vya kutumia taratibu nyumbani, kwani nyama zikishashikana kabisa huhitaji upasuaji. Huku nako kunahitaji ukaguzi wa mara kwa mara kwa ajili ya saratani. Mwenzi wako aelezwe, ikibidi na daktari mwenyewe, kwamba hakuna aliyeambukizwa.

Kichwani lengo ni kuzuia upara usiendelee. Nywele ambazo shina lake limeshageuka kovu hazirudi, na anayekuahidi kuzirudisha kwa mafuta anakuuzia mafuta. Hutumika steroidi ya maji ya kupaka, sindano za triamsinoloni pembeni mwa mabaka, na vidonge kama doksisaiklini au haidroksiklorokwini. Hii ya mwisho huhitaji macho yapimwe ikitumika kwa muda mrefu. Mafanikio yanapimwa kwa kuisha kwa muwasho na wekundu, na kwa upara kubaki pale pale kwenye picha za miezi sita.

Kucha ni vigumu kwa sababu dawa ya kupaka haifiki kwenye mzizi. Ikiwa ngozi ya ukingo imeanza kuota juu ya ukucha, kovu limeshaingia. Daktari atachoma sindano kwenye mzizi wa ukucha au atoe dawa ya kumeza au ya sindano ya msuli kwa kipindi kifupi.

Hatua ya saba: ugonjwa ukienea mwili mzima

Vipele vikifunika sehemu kubwa, au vikiwa vimechachamaa, daktari huchagua kati ya mwanga na dawa za kumeza. Tiba ya mwanga wa UVB (miale isiyoonekana kwa macho, iliyomo pia kwenye jua) ya masafa membamba hufanyika mara mbili hadi tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa. Ni salama kwa wengi, inachosha kwa safari.

Prednisoloni, steroidi ya kumeza, hutuliza haraka, ndiyo maana watu huipenda na kuinunua tena wenyewe. Itumike kwa wiki chache na kupunguzwa polepole. Ukiizidisha wiki tatu usiikatize ghafla, kwa sababu mwili huwa umesitisha kutengeneza homoni yake. Sukari, presha, na maambukizi yaliyojificha kama kifua kikuu na homa ya ini aina ya B yaangaliwe kwanza.

Asitretini, dawa ya kumeza ya jamii ya vitamini A, haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba: huharibu kijusi, na mimba haitakiwi kwa miaka mitatu baada ya kuiacha. Methotreksati, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga, hunywewa mara moja kwa wiki. Rudia sentensi hiyo kwa sauti mbele ya mfamasia, andika jina la siku kwenye boksi, kwa sababu walioinywa kila siku kwa makosa wamepoteza maisha.

Madoa yanayobaki

Vipele vya ngozi huisha kwa wagonjwa wengi ndani ya mwaka mmoja na nusu. Madoa huchukua muda zaidi, kwenye ngozi nyeusi miezi mingi na hata miaka, kwa kuwa rangi imeshuka chini ambako krimu nyingi hazifiki. Kinachosaidia kwa uhakika ni kulikinga doa na jua kwa nguo na losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, kutojikuna, na kuvipa vipele vipya dawa mapema. Asidi ya azelaiki, dawa ya kupaka, huweza kuharakisha kidogo. Krimu za kung'arisha zisizo na lebo ya viambato zina mazoea ya kuficha zebaki au steroidi. Hizo hazifai ngozi hii wala nyingine.

Ukiona madoa ya kijivu yanayoenea usoni na shingoni bila vipele kutangulia, ipo aina ya laikeni planasi inayoanza hivyo hivyo kama doa. Mwonyeshe daktari kabla hujaiita alama ya jua.

Ikirudi

Karibu mmoja kati ya watano hurudiwa. Ule wa mdomoni wenyewe hukaa miaka, kwa vipindi vya kuchachamaa na kutulia, na wengi huona vipindi vibaya vikifuatana na misukosuko ya maisha au kukosa usingizi. Tunza nakala ya majibu ya biopsi na jina la dawa iliyokufaa, pamoja na nguvu yake. Siku vipele vya kwanza vinaporudi, rudia ukaguzi wa mwili mzima, mdomo na kichwa vikiwemo, na uangalie kama kuna dawa mpya uliyoanza ndani ya mwaka uliopita. Ukipewa dawa mpya ya presha au ya maumivu na mtu asiyekujua, au ukienda kwa daktari wa meno mgeni, mwonyeshe karatasi hiyo kabla hajaandika chochote.